Tairi Zilizokwaruza

Siku mume wangu alipoleta zile rimu nne nyumbani, mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka nami nilikuwa nachagua ndengu. Alizipanga ukutani moja moja, kama mtu anayepanga masufuria ya harusi, akarudi nyuma hatua kidogo, akaziangalia. Mimi hakuniangalia.

"Hizi ni inchi kumi na saba," akasema.

"Zilizo kwa gari ni ngapi?"

"Kumi na tano."

"Zimeharibika?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Gari inataka kuinuka kidogo."

Gari inataka. Katika nyumba yetu gari lilikuwa likitaka kila wakati. Likitaka oili linapewa, likitaka betri linapewa. Mimi nilikuwa nataka mbuzi watatu tu, na sikuwa nimewaona.

Nieleze hao mbuzi, kwa sababu bila wao mtu atafikiri nina wivu na chuma. Kwetu Ukambani, mwanamume akitaka kuitwa mume, watu wake wanapeleka mbuzi watatu nyumbani kwa msichana. Inaitwa ntheo. Si mahari yote. Mahari inakuja nyuma na inaweza kuchukua maisha yako mazima. Ntheo ni ule mlango. Mbuzi mmoja anachinjwa, watu wa pande mbili wanakula nyama kwa sinia moja, na kuanzia hapo wewe ni mke. Kabla ya hapo unaweza kumpikia mtu, kumfulia na kumzalia, lakini kwa wazee wewe bado ni msichana wa baba yako aliyechelewa kurudi nyumbani. Na mtoto uliyemzaa ni wa baba yako.

Baba yangu anakaa Migwani na si mtu wa maneno mengi. Alinipigia simu akasema, "Shule zikifungwa, kama sijaona mtu na mbuzi, njoo na mtoto. Nyumba iko." Hakupandisha sauti. Angefoka ningejua kuna nafasi ya kubembeleza. Baba akisema nyumba iko, ujue ameshaifagia.

Sasa uone vile rimu zile zilivyonikaa machoni.

Gari lenyewe ni la spoti, la zamani, milango miwili. Lilitoka Japani kabla mimi sijaanza darasa la kwanza. Lilikuwa jekundu, siku hizi lina rangi ya nyanya iliyolala sokoni wiki nzima. Kiti cha nyuma si kiti, ni mahali pa kuweka mkoba. Hapa Matinyani mwanamume mwenye akili ananunua probox, anabeba magunia, kuku na nusu ya kwaya. Wangu anatengeneza pampu za visima, kazi ya mabomba marefu na minyororo, lakini anafunga mabomba juu ya gari la mashindano na kuendesha polepole kama amebeba maiti. Watoto wa njiani wanaliita chura. Sitasema uongo, mwanzoni nililipenda. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasaidia shangazi dukani Kitui mjini, na kila liliposimama nje ya duka wasichana wengine walikuwa wanageuka. Hiyo ni hadithi ya zamani. Siku hizi nikigeuka ni kuangalia kama linavuja.

Tulienda kufunga rimu kwa fundi mmoja nyuma ya soko. Nilienda naye kwa nguvu, mtoto mgongoni, kwa sababu nilitaka kusikia kwa masikio yangu ni nini kinachoinuliwa na kwa nini. Fundi alikuwa na mdomo mkubwa kuliko karakana yake.

"Boss, hii ikitoka hapa ni simba," akamwambia mume wangu.

"Ilikuwa chura," nikasema.

Alinitazama, akaona afadhali aendelee na kazi.

Alitoa tairi za zamani, akapachika zile rimu na tairi zake mpya za kupanda mlima, akashusha jeki. Akaingia ndani, akazungusha usukani. Tairi ikauma madigadi, lile bati linalofunika gurudumu, na sauti ikatoka kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali. Fundi hakushtuka. Alichukua bomba la chuma, akalichomeka kati ya tairi na ukingo wa bati, akawaambia vijana wasukume gari mbele na nyuma, bomba likawa linakunja ukingo ule kwa ndani kama pindo la sketi. Palipokataa akapiga nyundo. Rangi ilikuwa inadondoka kama maganda ya vitunguu, na mume wangu, ambaye hunikaripia nikifunga mlango wa gari kwa nguvu, alisimama tu akitingisha kichwa kwa furaha.

Ikapita. Ikazunguka bila kelele. Fundi akajifuta mikono, ndipo akasema lile neno nililolishika.

"Mbele hakuna shida. Lakini nyuma msiweke uzito. Springi ni za zamani, hazina nguvu. Ukiweka mzigo nyuma, gari inakaa chini, tairi inakula bati. Ukiwa peke yako, boss, hata uende Mombasa."

"Na mtoto wangu atakaa wapi?" nikauliza.

Akachungulia mgongoni kwangu. "Huyu? Huyu si uzito, mama. Huyu ni mkate."

"Mkate haukui. Huyu anakua."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Njiani kurudi nikamuuliza mume wangu, "Kwani unapanda wapi? Matinyani hakuna mlima."

"Kazi inanipeleka mahali pengi, mama."

Mtu anayesema ukweli hutaja mahali. Nikaanza kumwangalia.

Yeye ni mtu wa Makueni. Wazazi wake wanakaa karibu na Wote. Jumamosi iliyofuata akaniambia kuna mteja wa pampu huko, akaondoka kabla uji haujapoa, amevaa viatu vya ngozi. Viatu vya kanisani, kwenda kushika grisi. Alipoenda nikafagia nyumba, na nyuma ya mlango fagio likagonga kitu. Sanduku lake la vyombo. Spana zote, nyundo, kila kitu kilikuwa ndani. Nikalirudisha pale pale.

Alirudi jua likiwa bado juu.

"Pampu imekubali?" nikamuuliza.

"Imekubali. Ilikuwa valvu tu."

Nikampa chakula. Nilimwangalia akila na nikajiuliza kama alishika hiyo valvu kwa meno.

Kesho yake tukatoka kanisani, nikaenda kuanika nepi, na kamba yetu ya nguo inapita karibu na lile gari. Nikainama kuokota kibanio. Tairi ya nyuma ilikuwa imekwanguliwa ukingoni, mpira umechanika nyuzi nyuzi kama nazi iliyokunwa. Juu yake, ule ukingo aliokunja fundi ulikuwa unang'aa kama kijiko. Nikaenda upande wa pili, kulikuwa vile vile. Tairi za mbele zilikuwa nzima.

Kumbe nyuma kulikuwa na uzito.

"Jana ulienda peke yako?" nikamuuliza, nepi bado mkononi.

"Na nani tena?"

Nilianza kupiga hesabu ya watu. Mwanamke mzima hawezi kukaa nyuma kwenye gari lile, atakaa mbele kama mimi nilivyokaa. Kinachoweza kukaa nyuma ni mtoto. Lakini mtoto mmoja hawezi kulaza springi mpaka tairi zile bati. Labda watoto wawili, labda na mizigo yao. Ukiwa na jambo kama hilo kichwani unapika chakula bila chumvi na unamwambia mtu akile hivyo hivyo.

Katikati ya wiki akaosha gari ndani. Nasema ndani. Mwanamume ambaye maganda ya njugu ya mwaka juzi yalikuwa bado chini ya miguu yangu kila nikipanda. Alisugua kwa sabuni ya unga, akafungua milango lipigwe na upepo, akaning'iniza pale kwenye kioo kitu cha kunukia cha umbo la stroberi. Nikangoja achukuliwe na bodaboda kwenda kisimani, safari hiyo akabeba sanduku, nikaingia kule nyuma kwa magoti. Nikapitisha mkono chini ya mkunjo wa kiti.

Nilitoa mavi ya mbuzi. Vidonge vitatu vikavu, na unyoya mweupe.

Mimi nimelelewa na mbuzi. Hakuna mtu wa kuniambia ni kahawa.

Na hapo ndipo kuna kitu ambacho bado sijamsamehe. Nilifurahi. Nilikaa nimejikunja kwenye kile kiti kama mpumbavu, nikafikiri ameshapeleka mbuzi Migwani kimya kimya, anataka nishtukizwe na habari njema. Nilimpigia mama yangu hapo hapo.

"Mwaitu, huko kuna mgeni amefika?"

"Mgeni gani?"

"Yeyote. Mwenye mbuzi."

"Mbuzi ni wale wetu unaowajua. Kuna nini?"

"Hakuna."

"Baba yako amepaka chumba chako chokaa."

Nikakata simu. Basi kuna mbuzi amepanda gari la mume wangu, Jumamosi, na viatu vya ngozi, na hakufika kwetu. Nilienda kwa jirani yangu, tunaimba naye sauti ya pili kanisani, nikamweleza. Alikuwa anakoroga muthokoi, mahindi ya kukoboa, hakuacha mwiko.

"Mbuzi hapelekwi kutembea, dada. Mbuzi wa Jumamosi anapelekwa kwa wenye msichana."

"Najua."

"Ukimuuliza atakuambia pampu."

"Najua."

"Sasa unaniuliza nini? Panda gari."

Jumamosi ikafika. Alipotoka kuvaa viatu vyake alinikuta nimekaa kiti cha mbele, mtoto mapajani, begi la nepi miguuni, chupa ya uji kando. Mlango nilikuwa nimeufunga.

"Unaenda wapi?" akauliza.

"Kuangalia pampu."

"Mama, leo si siku ya kubeba mtoto. Huko kuna jua kali."

"Hata hapa kuna jua."

"Tafadhali shuka. Nitarudi mapema."

"Sanduku la vyombo liko wapi?"

Aliangalia nyumba. Aliangalia ile stroberi. Halafu akaingia, akawasha gari, akaendesha mpaka tukapita Kwa Vonza. Fundi alikuwa amesema kwamba kwa tairi kubwa saa ya mwendo itakuwa inadanganya kidogo, inaonyesha polepole kuliko mtu anavyokwenda. Niliuangalia ule mshale na nikafikiri, hata wewe umefundishwa.

Nilikuwa nimejipanga. Tukifika kwa huyo mwanamke, atoke nje, nitamsalimia vizuri, nitampa mtoto anishikie. Akishamshika mtoto mikono yake itakuwa na kazi, na yangu itakuwa huru. Zaidi ya hapo sikuwa nimefikiri.

Tulipita Machakos, tukaingia Makueni, lakini njia ya Wote hakuifuata. Akashika njia ya milima, ya Mbooni. Kwenye kituo kidogo cha soko chini ya mlima akapunguza mwendo. Kando ya barabara alikuwa amesimama mzee mmoja, koti la suti, kofia, na kamba mkononi. Mwisho wa kamba kulikuwa na beberu wa kahawia. Mzee alikuwa baba yake.

Nilikuwa nimeonana naye mara chache. Aliponiona ndani ya gari alivua kofia, akaivaa tena, akageuka kuangalia mlima kama kuna habari inatoka huko.

Sisi tuna nthoni, ile heshima ya wakwe. Baba mkwe na mke wa mtoto wake hawabanani. Hamgusani, hamwangaliani usoni, hampishani kifua kwa kifua mlangoni. Sasa niambie, kwenye gari la milango miwili, mzee na beberu na mimi na mtoto, nani akae wapi? Mzee hawezi kuniruka kwenda nyuma. Siwezi kukaa mbele, mzee wa watu ajikunje nyuma na mbuzi kama mzigo. Mume wangu alisimama hapo akishika mlango, anaangalia mimi, anaangalia baba yake, jasho linamtoka. Nikashuka. Mzee akasogea mbali. Nikaingia nyuma kwa magoti na mtoto wangu, beberu akafungwa miguu akasukumwa kando yangu, kichwa chake kwenye goti langu. Kiti cha mbele kikarudishwa, mzee akaketi, akaweka kofia mapajani.

Hivyo ndivyo nilivyogeuka kuwa ule uzito.

Barabara ya kupanda Mbooni ni mawe na kona. Kona ya kwanza tu, kwaruuu. Kona ya pili, kwaruuu, na harufu ya mpira unaoungua ikaingia. Beberu analia, mtoto amemshika sikio na anacheka, na wale wawili mbele wanaangalia kioo kama wako kanisani. Kila tairi ilipouma bati nilisikia kwa makalio. Nikafikiri, hii ikipasuka hapa, upande huu ni jabali na upande ule ni bonde.

"Simamisha," nikasema.

"Ni mlima. Ikisimama hapa haitaanza vizuri."

"Simamisha, au nimfungue huyu aje akae hapo mbele na wewe."

Akasimamisha. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye tairi. Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida, kwa sababu mtoto alikuwa karibu na mdomo wangu.

"Huyu mbuzi ni wa nani?"

Mume wangu akamwangalia baba yake. Mzee hakugeuza shingo. Aliongea na kioo cha mbele.

"Ni wangu, mama."

"Unaoa, baba?"

Akaigeuza kofia mapajani.

"Ii," akasema. "Naoa."

"Unaoa nani?"

"Mama yake huyu," akasema, kidole kwa mume wangu.

Na akanieleza, mgongo ukiwa umenigeukia. Alimchukua kwao Mbooni wakiwa vijana. Baba ya msichana alikuwa mkali, wakakimbia, wakaenda kukaa karibu na Wote. Mbuzi wangepelekwa baada ya mavuno. Mvua ikakosa. Halafu watoto, halafu karo, halafu yule baba mkali akafa, na kila mwaka ukawa na sababu yake. Watu wakazoea, naye akazoea. Sasa mume wangu alipowaambia wazee wa kwao twendeni Migwani, mmoja akauliza, mama ya huyu kijana aliliwa mbuzi lini? Wakasema mtoto hawezi kupeleka mbuzi kabla baba yake hajapeleka. Warudi wakaanze mwanzo. Wajomba wa Mbooni wakakubali waletwe mmoja mmoja, bora wa tatu awe wa kuchinjwa.

"Na wewe," nikamwambia mume wangu, "hukuwa na mdomo?"

"Mzee alikataa nikuambie. Ni aibu yake, si yangu ya kutangaza."

"Probox ya kukodi?"

"Dereva wa kukodi ni redio. Angefika sokoni kabla yetu."

"Na rimu?"

"Safari ya kwanza gari lilikaa juu ya jiwe, hapo nyuma kwa ile kona. Tulisukuma na mbuzi akiwa ndani. Nikaona nilipandishe."

Nilitaka kufurahi. Kweli nilitaka. Lakini mtu aliyeniangalia machoni akanitengenezea valvu ya uongo anaweza kunitengenezea hata mama. Wazee wawili wa watoto wazima, wanaoana? Nani atakuja kunithibitishia, beberu? Nikawaambia wanitoe. Nikamfunga mtoto mgongoni kwa leso, nikamfungua beberu miguu, nikashika kamba, nikapanda mlima kwa miguu. Gari likiwa jepesi likanyamaza. Likanifuata nyuma polepole, wanaume wawili ndani, mpaka juu.

Huko juu kuna baridi na miparachichi, na boma la wajomba liko ukingoni kabisa. Wazee walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki. Mjomba mkubwa aliniona wa kwanza nikiingia na mbuzi, na akawaangalia wale waliokuwa wanashuka garini.

"Huyu anayevuta mbuzi ni nani?"

"Ni mke wa mtoto wangu," baba mkwe akasema.

"Ameliwa mbuzi wapi?"

"Bado."

Mjomba akatingisha kichwa polepole. "Kwa hivyo msichana wa watu ndiye ametuletea mbuzi wa dada yetu."

"Nimeleta kwa sababu gari ya mtoto wenu imeshindwa," nikasema.

Jikoni wanawake wakacheka, na mmoja akatoka kuangalia. Alikuwa mama mkwe wangu. Alikuwa amekuja tangu jana yake, amevaa leso mpya ambayo bado ina mikunjo ya dukani, mikono yote maji ya viazi. Alinivuta jikoni akamchukua mtoto mgongoni, na nilipoiona ile leso ndipo nilipoamini, si kabla.

"Hukuambiwa," akasema.

"Sikuambiwa."

"Hata mimi nimeambiwa mbuzi wawili wakiwa wameshafika. Hapa wananiita msichana, unajua? Meno yananitoka na mimi ni msichana."

Kabla ya kuchinja, mwenye kuolewa anaitwa mbele ya wazee anaulizwa. Ni swali fupi. Wasichana wengi wanajibu haraka kwa haya, wakikimbilia ndani. Mama mkwe aliitwa, akajifuta mikono, akasimama. Mjomba mkubwa akamwonyesha beberu na wale wawili waliofungwa kando.

"Hawa wameletwa kwa ajili yako. Tule, tusile?"

Alimwangalia mume wake, ambaye kofia ilikuwa inazunguka mikononi mwake kama usukani. Akaangalia mbuzi. Muda ukapita mpaka mjomba mmoja akakohoa. Na hapo nikaelewa vizuri nimesimama wapi. Huyu mama akikataa, na ana kila sababu ya kukataa, mbuzi wanateremka mlima, wazee wa ukoo wa mume wangu wanafunga midomo, hakuna mtu anakwenda Migwani. Shule zilikuwa karibu kufungwa. Chumba changu kilikuwa kimepakwa chokaa.

"Mimi nimezoea kungoja," mama mkwe akasema mwishowe. "Asiyezoea ni huyu. Muulizeni yeye."

Alikuwa amenishika mkono.

"Huyu si wa hapa," mjomba akasema.

"Hata mimi miaka yote mnasema si wa kule. Leo mmeniuliza, nami nimejibu. Muulizeni."

Wazee wakaangaliana. Mjomba mkubwa akanigeukia kwa shida, kama mtu anayeuliza bei kwa duka la adui.

"Haya, msichana wa Kitui. Tule, tusile?"

Mume wangu alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono myeusi ya kushika tairi, viatu vya ngozi vimejaa vumbi. Alikuwa anasubiri niseme ndiyo ili apumue. Niliona anavyosubiri. Nikajua nikisema ndiyo bure, atapumua, na pumzi hiyo itamfikisha mwaka ujao. Watu wa nyumba hiyo wanajua kupumua.

"Kuna kitu kingine hujaniambia?" nikamuuliza mbele yao.

"Hakuna."

"Fikiri."

"Hakuna, mama."

"Migwani utaenda lini?"

"Hivi karibuni, tukishamaliza hapa tuta—"

"Hiyo si siku."

Akamwangalia baba yake. Baba yake akaangalia kofia.

"Jumamosi ijayo," akasema.

"Na mbuzi watatu?"

"Watatu."

"Pamoja, si mmoja mmoja?"

"Pamoja."

"Wazee, mmesikia?"

"Tumesikia," mjomba mkubwa akasema, na nikaona mdomo wake unacheza. Wale wengine wakaitikia mmoja baada ya mwingine, na baba mkwe naye akaitikia, ingawa hakuulizwa.

"Basi mchinje," nikasema.

Mtu akaenda kuleta kisu. Mume wangu akajaribu kunitazama, nikageuka. Nilirudi jikoni na mama mkwe, tukaketi kwenye vigoda, akanipa sufuria ya viazi na kisu kidogo. Alimenya kiazi kizima. Halafu akainua uso.

"Ungesema Ijumaa," akaniambia. "Mimi huyu wangu nilimpa Jumamosi, na ndiyo hii ya leo."